Medali za KAR: soma ukingo kabla hujasugua

Familia nyingi za Afrika Mashariki zina medali ya mzee aliyepigana King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la enzi za ukoloni, imeviringishwa kwenye kitambaa chini ya sanduku. Mjukuu akiikuta, anakimbilia Brasso. Acha kwanza.

Hatua ya 1. Washa tochi, mwanga uje kwa ubavu, kisha izungushe polepole ukitazama ukingo. Medali za Vita Kuu ya Kwanza, ile ya fedha yenye mpanda farasi na ile ya shaba yenye utepe wa rangi za upinde wa mvua, zilipigwa chapa ukingoni: namba, jina, cheo, kikosi. Herufi ni ndogo na ukisugua ndizo zinazolika mapema. Jina limeandikwa jinsi karani alivyolisikia, kwa hiyo lisome kwa sauti kabla hujasema si la babu.

Hatua ya 2. Nyota yenye pembe sita na herufi GRI katikati ni ya Vita ya Pili. Jina la uwanja wa vita limezunguka duara: AFRICA, BURMA. Ukikuta ya Burma pamoja na beji ya kitambaa yenye kichwa cha kifaru, fikiria Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita Bonde la Kabaw huko Burma (Myanmar ya leo) mwaka 1944 kwenye mvua na matope.

Hatua ya 3. Mulika utepe kwa taa ya kukagulia noti. Uzi mpya wa viwandani hung'aa. Ila utepe wa zamani uliofuliwa kwa sabuni ya unga nao hung'aa, basi usimwite mtu tapeli kwa hilo peke yake.

Hatua ya 4. Mikanda, mifuko ya turubai, kofia ya chuma: tafuta alama ya mshale mfupi mpana, mali ya serikali ya Uingereza. Mara nyingi mwaka uko jirani yake.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Nyota ya babu haina jina popote. Ni bandia?
Marahaba. Hapana, askari wetu walipewa nyota bila majina. Ukiona jina nyuma, kuna aliyelichonga baadaye.

Ya kwangu ina ukungu wa kijani.
Ifute kwa pamba kavu tu, uitoe kwenye mfuko wa plastiki. Karatasi isiyo na asidi inatosha.

Dalali anataka kuinunua, ila anasema utepe nibaki nao. Kuna shida?
Jina liko ukingoni, si kwenye utepe: ukishamuuliza ukingo unasemaje, tazama uso wake. Piga picha pande zote na ukingo mzima kabla haijatoka mkononi mwako, dada.

Naruhusiwa kuivaa Siku ya Mashujaa?
Kwa desturi ya Waingereza, mrithi huivaa kifua cha kulia. Kushoto ni kwa aliyeipata mwenyewe. Medali, sawa. Koti la jeshi liache kabatini, kaka: raia akikutwa na sare ya jeshi hapa, maelezo atayatoa kituoni.