Mashine ya kupolishi gari nyumbani

Kama unataka kuondoa mwenyewe ile mikwaruzo myembamba kama utando wa buibui inayoonekana jua likipiga boneti, usikimbilie mashine inayozunguka tu kama grenda. Inakata haraka, ndiyo, lakini joto hujikusanya sehemu moja, na kwenye kingo za milango klia, lile tabaka angavu lililo juu ya rangi, huungua kabla hujashtuka. Klia ya kiwandani kwa kawaida ni nyembamba kuliko unywele! Chukua ile inayozunguka huku ikiyumba, myumbo wa milimita 8 hadi 15, sahani ya kushikia pedi ya inchi 5. Chora mstari wa maka pen ubavuni mwa sahani: ukiona mstari umesimama, umekandamiza mno, legeza mkono. Pedi anza na laini, sehemu ndogo kwanza.