Kutoa Mchezo Jukwaani Kuupeleka Kwenye Skripti ya Filamu

Kabla ya filamu nilikuwa mwigizaji wa jukwaani, tena mbovu wa kukariri. Mistari ikinipotea natunga yangu papo hapo, mpaka mwongozaji akanambia: "Wewe kaa chini uandike." Nikaandika. Skripti yangu ya mwanzo ikarudishwa, na haki yao: watu wamekaa wanasema, wanasema, basi.

Hatua ya 1. Chukua sini moja, yaani onyesho moja la mahali pamoja. Mchezo mzima utakushinda. Mimi nilichukua hii: Wete, Pemba, msimu wa karafuu, Bi Asha anagundua kuwa mumewe kapeleka gunia lao kwenye magendo usiku. Jukwaani nilimpa maneno ya dakika nne. Ilibidi, maana mtu wa safu ya nyuma haoni uso wake.

Hatua ya 2. Kalamu nyekundu. Futa kila sentensi ambayo mtu anamwambia mwenzake jambo wanalolijua wote wawili. "Mume wangu, karafuu hizi tumezichuma wiki nzima..." Anajua, alikuwepo! Kwangu ilibaki mistari sita.

Hatua ya 3. Tafuta kitu cha kushikwa mkononi. Hapa ndipo nilipokwama siku nyingi. Mwisho nikajiuliza, mke huyu asubuhi anafanya nini? Anatandika jamvi juani. Anaingia ndani kuchukua gunia, halipo. Sakafuni zimebaki punje chache. Anaziokota. Anampikia mumewe chai, anazitia zote kikombeni, anampelekea. Mume anachungulia kikombe. Nje, jamvi tupu linapigwa na jua. Ile mistari sita nayo nikaifuta.

Hatua ya 4. Ipange kama skripti. Kila sini ina kichwa chake:

NDANI. UKUMBINI KWA BI ASHA – ASUBUHI

Chini yake andika kwa wakati uliopo, yale tu yanayoonekana na kusikika. "Anamkumbuka marehemu baba yake" haiandikwi, kamera itaipigaje? Aina ya herufi ni Courier ya ukubwa wa 12. Kwa mpangilio huo ukurasa mmoja hukaribia dakika moja ya filamu. Programu ya kulipia si lazima. Mimi nilianzia kwenye daftari la mraba.

Hatua ya 5. Isomwe kwa sauti, na watu wengine. Wape wenzako wasome, wewe nyamaza. Ulimi wao ukigonga mwamba, kosa ni lako. Na kaa barazani usikilize: Mji Mkongwe watu hawajibu swali, wanauliza lao. Kuna waliotaka wahusika wangu wote waseme Kiswahili cha taarifa ya habari. Kwa hakimu nilikubali. Kwa Bi Asha nilikataa, yule ni Mpemba.

Hatua ya 6. Itoe nje. Isajili kwanza COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar. Mambo ya vibali na ukaguzi wa filamu yako BASSFU, baraza la sanaa na sensa ya filamu la Zanzibar. Halafu subiri ZIFF, tamasha la filamu la nchi za jahazi lililoanza Zanzibar mwaka 1998. Waongozaji utawakuta Ngome Kongwe wakiwa na haraka zao, kwa hiyo usiwabebeshe kurasa mia. Toa muhtasari wa ukurasa mmoja, na juu kabisa namba yako ya simu. Mwaka wangu wa kwanza niligawa nakala ishirini bila namba.