Namna ya Kufuatilia Historia ya Jumba la Uskoti na Milki Yake: Mfano wa Balinakill

Asafiriye kutoka Mombasa kwenda Nairobi hupita mji mdogo wa Mackinnon Road, ambao umebeba jina la William Mackinnon, mfanyabiashara Mskoti aliyeongoza Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888. Kwao Uskoti, katika rasi ya Kintyre, alimiliki jumba na ardhi ya Balinakill, karibu na kijiji cha Clachan. Anayetaka kuandika historia ya jumba kama hilo asianze na kuta; aanze na ardhi, kwa sababu ndiyo iliyoacha maandishi mengi zaidi.

Kwanza ijue parokia, kwani kumbukumbu nyingi za zamani zimepangwa kwa parokia. Ya Balinakill ni Kilcalmonell. Kisha fungua ramani za karne ya 19, ambazo Maktaba ya Taifa ya Uskoti imeziweka mtandaoni bila malipo. Linganisha ramani ya mwanzo na iliyoifuata: utaona mazizi ya farasi yakiongezwa na bustani ikizungushiwa ukuta, na pengine vijumba vya wakulima vikitoweka. Vijumba hivyo viandike pia. Navyo ni sehemu ya historia hiyo.

Umiliki utafute katika Sajili ya Sasines, iliyoanzishwa mwaka 1617, inayoonyesha ardhi ilivyohama kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Tangu 1855 yapo pia madaftari ya ukadiriaji, yanayotaja mwenye mali, mpangaji na thamani ya kila mwaka. Sensa nazo, zilizofanywa kila miaka 10 tangu 1841, zitakuonyesha wapishi, wafuaji na watunza farasi waliolala chini ya paa lile lile. Kuanzia 1881 ziliuliza hata nani alizungumza Kigaeli, lugha ya kale ya Uskoti.

Swali ambalo watafiti wengi hulipita haraka, nami naliona zito kuliko yote, ni fedha zilitoka wapi. Utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Uingereza, serikali iliwalipa fidia ya pauni milioni 20 wamiliki wa watumwa, si waliotumikishwa, na majina ya wamiliki hao yanaweza kutafutwa mtandaoni. Utajiri wa Mackinnon ulitokana na biashara na meli. Meli za kampuni yake ya awali, British India Steam Navigation, zilianza kupeleka barua Zanzibar mwaka 1872.

Mackinnon alifariki London mwaka 1893 bila kuacha mtoto, akazikwa Clachan. Kwa hiyo fungua daftari la ukadiriaji la miaka inayofuata, usome ni nani aliyeandikwa mahali pa jina lake.