Kompyuta ya kukuza video kwa akili mnemba: kuichagua na kuipoza kwenye joto la Pwani

Kukuza video kwa akili mnemba (AI) ni kuiachia programu iongeze ukubwa na ukali wa picha za video ya zamani. Nimeuandika mwongozo huu baada ya kumsaidia jamaa mmoja wa Tanga mwenye studio ya video za harusi. Ana kanda za VHS za miaka ya 1990, na wenye harusi wanataka kuziona kwenye TV za leo bila ule ukungu. Mashine alikuwa nayo, tena yenye kadi kubwa ya grafiki (ndiyo inayofanya kazi ya kukuza), ila ilikuwa inaanza kazi kwa kasi, halafu baadaye inajikokota. Akabadilisha programu, akabadilisha draiva, hali ikawa ileile. Shida ilikuwa joto, na lilikuwa mahali ambapo wengi hatuangalii.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya kazi kwanza

Video ya PAL, mfumo wa TV uliotumika kwetu enzi za VHS, ina fremu (picha) 25 kwa sekunde, kwa hiyo saa moja ni fremu 90,000. Kadi ikikuza fremu 5 kwa sekunde, kanda ya saa moja itachukua saa 5. Ukiondoa mistari ya VHS kwa kichujio cha bwdif ndani ya ffmpeg (programu ya bure ya kuchakata video) na kutoa fremu 50 kwa sekunde, muda unakuwa maradufu.

Muda wote huo kadi inafanya kazi mfululizo. Gemu huwa na vituo: menyu, kupakia ramani, kusubiri wenzako. Kukuza video hakuna kituo. Ndiyo maana majaribio ya kasi yanayowekwa YouTube hayakusaidii sana. Unachotafuta ni kadi ambayo alfajiri bado iko kwenye kasi iliyoanza nayo jioni.

Hatua ya 2: Chagua kadi ya grafiki

Kwa anayeanza, ninashauri RTX 3060 ya Nvidia yenye kumbukumbu ya GB 12, na sioni sababu ya kuzunguka sana. Inakula wati 170, joto lake linatawalika hata chumba kikiwa nyuzi 32, na kumbukumbu yake inatosha modeli nyingi za kukuza (yaani akili mnemba zilizofunzwa kazi hiyo). Angalia vizuri, maana ipo pia 3060 ya GB 8 na boksi zinafanana. Kumbukumbu ikiwa ndogo, programu italazimika kuikata kila fremu vipande vidogo na kuviunganisha tena, na hapo kasi inashuka.

Real-ESRGAN, programu ya bure ya kukuza picha, kwa toleo lake la Vulkan inakubali kadi za AMD na Intel pia. Mimi nabaki na Nvidia kwa sababu modeli nyingi mpya zinatoka zikitegemea CUDA, mfumo wa kadi za Nvidia pekee, na sitaki kupoteza siku nikitafuta njia ya kuzunguka.

Laptop usinunue kwa kazi hii, hata ile nene ya gemu. Feni zake ndogo hazikuumbwa kwa usiku kucha.

Kadi za mtumba ni nyingi tangu Ethereum, sarafu ya kidijitali iliyokuwa ikichimbwa kwa kadi za grafiki, ilipoacha uchimbaji Septemba 2022. Siziogopi, ila usiichukue kabla hujaipitisha hatua ya 5.

Hatua ya 3: Vilivyobaki

Prosesa ya kori 6 kama Ryzen 5 5600, RAM ya GB 32, SSD yenye nafasi ya kutosha. Pawa saplai iwe ya kampuni inayojulikana: wati 550 kwa 3060, wati 850 kwa RTX 3090, kadi kubwa zaidi. Hapa usibane pesa.

Hatua ya 4: Keisi na njia ya hewa

Keisi iwe na wavu mbele. Zile za kioo mbele zinapendeza dukani na zinaipika kadi nyumbani. Weka feni mbili au tatu za kuingiza hewa mbele na moja ya kutoa nyuma, zote za milimita 120 au 140. Hewa inayoingia ikizidi inayotoka, vumbi haliingii kupitia nyufa. Linakamatwa kwenye chujio, unalisuuza, unaendelea.

Usiifungie mashine kwenye kabati la meza. Joto la chumba likipanda nyuzi moja, la kadi nalo linapanda karibu nyuzi moja, na kompyuta ya wati 300 inakipasha chumba chenyewe.

Ukipuliza vumbi kwa bloa, zuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke.

Hatua ya 5: Pima joto la kumbukumbu, usiishie kwenye joto la chipu kuu

Hapa ndipo muda wetu wote ulipoishia.

Kadi ya jamaa ni RTX 3090. Programu ya kawaida ilionyesha chipu kuu iko nyuzi 66, na yeyote angesema mashine iko salama. Tukafungua HWiNFO64, programu ya kusoma vipima joto vya kompyuta, tukashuka hadi mstari ulioandikwa GPU Memory Junction Temperature (joto la kumbukumbu): nyuzi 110. Kwa kumbukumbu za GDDR6X, aina iliyomo kwenye 3090, hapo ndipo kadi inapojipunguzia kasi ili isiungue.

Sababu iko kwenye umbo la kadi yenyewe. 3090 ina chipu 24 za kumbukumbu, 12 mbele na 12 nyuma, na zile za nyuma zinapozwa na bamba la mgongoni tu. Feni nazo hufuata joto la chipu kuu. Chipu ikiwa na nyuzi 66, feni zinazunguka taratibu huku kumbukumbu zinaungua.

Anza na yasiyohitaji bisibisi. Kwenye MSI Afterburner, programu ya kuongoza feni za kadi, panga feni zifike asilimia 75 chipu ikiwa nyuzi 60. Weka feni ya milimita 120 ipulize moja kwa moja kwenye bamba la mgongoni. Endesha kazi halisi kwa saa nzima ndipo usome. Dakika kumi hazitoshi, chuma bado hakijashika joto. Ikitulia chini ya 95, funga keisi.

Kwetu ilibaki 106, ikabidi kuifungua kadi. Padi (vipande laini vya kupitisha joto) za kati ya kumbukumbu na hitisinki, chuma cha kupoza, zilikuwa zimekauka, zinamomonyoka kama biskuti, na mafuta yake yamechuruzika kwenye bodi. Sasa sikiliza vizuri: unene wa padi hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na hata kati ya mbele na nyuma ya kadi ileile. Usipime katikati, pamekandamizwa. Pima kwa kalipa kwenye ukingo ambao haukuguswa na chipu. Padi nene kupita kiasi huinyanyua hitisinki, na chipu kuu inakosa mguso. Dalili yake ni GPU Hot Spot (sehemu yenye joto kali zaidi ya chipu) kuizidi chipu kwa nyuzi 25 au 30, wakati kawaida ni kama 10 hadi 15. Ukiona hivyo zima na ufungue tena, usijidanganye kwamba itajikalisha.

Kama huna uhakika na unene, tumia puti ya joto, aina ya udongo laini wa kupitisha joto, badala ya padi. Inajaza mwanya wowote. Mimi siku hizi situmii kingine. Ukiwa humo humo badilisha pia pesti ya chipu kuu (krimu ya kupitisha joto), kaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo.

Kadi ya jamaa sasa inakaa 88.

Hatua ya 6: Punguza wati

Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `nvidia-smi -pl 260` kwa 3090, au `-pl 140` kwa 3060. Kasi inapungua kidogo tu, joto linapungua sana. Amri hii hufutika kompyuta ikizimwa, kwa hiyo iweke kwenye Task Scheduler ijiendeshe kila inapowaka.

Hatua ya 7: Kata kazi vipande

Igawe kanda vipande vya dakika tano kwa ffmpeg na ukuze kimoja kimoja. Umeme ukikatika usiku, utarudia kipande kimoja. Ukihifadhi fremu za PNG, futa za kila kipande baada ya kuzirudisha kuwa video. Zikikuzwa mara 4 kila moja ni 2880 kwa 2304, na za saa nzima zitajaza mamia ya gigabaiti.