Kumtafuta babu aliyetoka Ireland

Anza na wazee, karatasi baadaye. Bibi yangu, Malindi ya Unguja, alifungua kasha akanitolea saa ya mfukoni ya marehemu baba yake, baharia. Ndani ya mfuniko pamechongwa neno moja: Cork, mji wa Ireland. Limenifaa kuliko hadithi zote.

Kisha nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani, Zanzibar, na Minara Miwili, kanisa Katoliki la Mji Mkongwe, ukaulize vitabu vya ubatizo na ndoa. Jina litafute kwa kila tahajia: kama ni O'Brien, tazama na Brien.

Sensa za Ireland za 1901 na 1911 zinasomwa bure kwenye intaneti. Za nyuma karibu zote zimepotea. Za 1821 hadi 1851 ziliungua Dublin mwaka 1922. Hapo shika vitabu vya parokia, ukurasa kwa ukurasa. Mimi namsaka mama wa baharia yule bado.