Kupima yadi 40 Mombasa bila kudanganywa na saa

Kila mwaka, Februari ikielekea ukingoni, wachezaji zaidi ya 300 wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo hukusanyika Indianapolis, Marekani, wapimwe mbele ya timu za NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huo, kabla ya drafti ya Aprili, timu zinapochagua wachezaji wapya. Vipimo vyenyewe waweza kuvipanga Tononoka au uwanja wowote wa nyasi fupi. Kazi iko kwenye kupima. Kijana huambiwa na wenzake ana sekunde 4.4 za yadi 40, wageni wakija na mitambo yao ya kupima muda anatoka 4.7, kumbe mbio zake ni zile zile.

Anza na tepu ya mita 50, si kuhesabu hatua. Yadi 40 ni mita 36.58. Wengi huweka mita 40 kwa kuwa ni rahisi kukumbuka, wakamwongezea mkimbiaji kama thuluthi ya sekunde bila haki. Piga mstari wa chokaa mwanzo, mita 9.14 (yadi 10), mita 18.29 (yadi 20) na mwisho, kisha weka koni mita 5 mbele ya mstari wa mwisho na umwambie akimbilie koni hiyo. Bila koni, atapunguza mwendo kabla hajavuka.

Mkimbiaji anainama, mkono mmoja chini nyuma ya mstari, anatulia kabisa. Hakuna filimbi. Saa inaanza anapotikisika tu, na hapa ndipo uongo huingia: jicho huchelewa kuona ule mtikisiko, lakini mwisho wa mbio unauona ukija na kidole kinakuwa tayari. Saa ya mkono, yaani ya kubonyezwa na mtu, basi huonyesha muda mfupi, mara nyingi kwa sekunde 0.2 hivi. Si kidogo. Mchezaji Xavier Worthy aliweka rekodi ya Indianapolis ya sekunde 4.21 mwaka 2024, akampita John Ross wa 2017 kwa sekunde 0.01 tu. Weka watu watatu wenye saa, wote sambamba na mstari wa mwisho, wabonyeze kwa kidole cha shahada, kisha chukua jibu la katikati, sio lile zuri. Andika pembeni “saa ya mkono”.

Msimu wa kaskazi, tandika njia upepo uikate ubavuni. Ikishindikana, kila mtu akimbie mara moja kila upande na uandike zote mbili. Ufuoni Pirates maji yakipwa mchanga huwa mgumu na watamanisha, lakini bado unakula nguvu ya mguu. Ufanyieni mazoezi, msiupimie.

Kipimo cha kugeuka mimi nakithamini kuliko yadi 40, kwani mchezo wenyewe ni kugeuka. Koni tatu kwa mstari mmoja, mita 4.57 kati ya koni na koni. Anaanzia ya kati, anakwenda kulia na kugusa mstari kwa mkono wa kulia, anavuka hadi kushoto na kugusa kwa mkono wa kushoto, anarudi kupita katikati. Asipogusa, arudie. Umande wa alfajiri huangusha watu kwenye mgeuko wa pili, hivyo njumu ni lazima, na mwenye raba asilinganishwe na mwenye njumu.

Kuruka juu: chaki vidoleni, nyayo zote chini, agonge ukuta mkono ukiwa umenyooka, kisha aruke bila kupiga hatua. Tofauti ya alama mbili ndiyo jibu. Asiyejinyoosha vizuri mara ya kwanza anajiongezea sentimita za bure, kwa hiyo msukume bega juu. Kuruka mbele hupimwa hadi kisigino kilichobaki nyuma, na akiyumba akapiga hatua, haihesabiwi.

Chuma, yaani kulala kwenye benchi na kukisukuma juu mara nyingi uwezavyo, kiwe cha mwisho, kwenye jimu. NFL hutumia pauni 225, yaani kilo 102. Chuma cha kilo 20, kila upande sahani mbili za kilo 20 na moja ya 1.25, unapata 102.5. Kiguse kifua bila kudundishwa, viwiko vinyooke, na mtu asimame upande wa kichwa chake kukidaka. Asiyeweza kukiinua hata mara moja apewe kilo 60, na uzito huo uandikwe mbele ya idadi ya mara alizoinua.

Anzeni saa 12:30 asubuhi, dakika 20 za kupasha mwili, yadi 40 kwanza miguu ikiwa mipya. Kufika saa 3 jua la Mombasa limeshaanza kupima kitu kingine.