Wikiendi moja London, jinsi ya kuipanga bila kukimbizana

Jamani kosa kubwa ni kutaka kuona London yote kwa siku mbili, haiwezekani, we gawa mji kwa maeneo basi. Jumamosi shika ukingo wa kusini wa mto Thames, anzia daraja la Westminster pale Big Ben, ule mnara wa saa, unaiona vizuri kabisa, tembea taratibu upite London Eye, lile gurudumu kubwa la kupanda, ukifika Tate Modern, jumba la sanaa, ingia, ni bure, halafu vuka lile daraja jembamba la waenda kwa miguu, nyanyua macho uone kuba la kanisa la St Paul's limekaa katikati mbele yako, hapo mi lazima nisimame kwanza. Rudi kusini umalizie daraja la Tower Bridge, lilifunguliwa 1894.

Jumapili nenda makumbusho ya British Museum, nayo bure ila chukua tiketi mtandaoni mapema, na chagua vyumba vichache tu, ukitaka vyote miguu itagoma. Shopingi fanya Jumamosi jioni maana Jumapili maduka makubwa yanauza masaa sita tu.

Usafiri gusisha kadi ileile ya benki kwenye mashine ya kulipia siku zote mbili, treni za chini ya ardhi unagusa ukiingia na ukitoka, kwenye basi unagusa ukipanda tu, na humo keshi hawapokei.